Mbao za Ndani ya Magari ya Zamani: Zirudishe Kwenye Mng'ao Wake, Ziuze Mtandaoni, na Mzigo Usirudi



Leo tunaongelea bidhaa ambayo wengi wetu tunaipita gereji kila siku bila kuiona: vile vipande vya mbao vinavyopamba dashibodi, milango na sehemu ya gia kwenye magari ya zamani. Nazungumzia Jaguar, Rolls-Royce, Bentley, na zile Mercedes za miaka ya 1970 na 1980 ambazo mzee mwenye nazo hataki hata kusikia habari za kuziuza.

Mwenye gari la namna hiyo akiharibikiwa na taa, anapata nyingine. Bushi anapata. Viti anashonesha upya. Ila mbao ikishapasuka na kufubaa, anakwama, maana kiwanda kiliacha kutengeneza kile kipande zamani sana. Anaanza kutafuta mtandaoni usiku kucha. Akimpata mtu anayeijua kazi, kwanza anapumua, bei baadaye.

Hapo ndo unaingia wewe. Inawezekana wewe ni fundi seremala unayetaka kuuza mtandaoni, au ni muuzaji wa vipuri uliye na fundi wako wa kuaminika. Kote sawa. Ila kuna jambo moja lishike kabla hatujaenda mbele: mng'ao sio bidhaa. Mng'ao hata mtoto anaweza kuupata kwa kopo la vanishi na brashi. Bidhaa ni mbao ya asili iliyobaki salama, pamoja na mteja kujua kwa uhakika amenunua nini. Ukiharibu kipande kimoja umeharibu seti nzima, na hakuna duka la kwenda kununua kingine.

Kwa hiyo twende taratibu.

1. JUA KILICHO CHINI YA MNG'AO

Watu wengi wakiona dashibodi ya mbao wanadhani ni ubao mzito umechongwa. Mara nyingi siyo. Ni vinia, yaani ganda jembamba la mti wenye urembo mzuri, limegandishwa juu ya kitu kingine: plaiwudi, ubao wa kawaida, alumini au plastiki, inategemea gari.

Wembamba wake ukoje? Vinia nyingi za kazi hii ni kama milimita 0.6 hivi. Chukua karatasi sita za kawaida za kuchapishia, zibane pamoja kwa vidole. Huo ndo unene wote ulio nao. Ukipiga msasa kwa hasira dakika moja tu, umetokea upande wa pili.

Sasa aina zenyewe. Magari ya Kiingereza kama Jaguar Mk2, iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 1967, na Rolls-Royce Silver Shadow, iliyotengenezwa Crewe kuanzia 1965 hadi 1980, yanajulikana kwa vinia ya wolnati. Ile ya thamani zaidi hukatwa kwenye nundu za mti, ndo maana ina mizunguko na madoa kama moshi. Mercedes nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia zebrano, mbao yenye mistari myeusi na ya kahawia kama punda milia. Na mti huu wa zebrano ni wa Afrika, unatoka misitu ya Kameruni na Gabon. Mbao ilivuka bahari kwenda Ujerumani, ikarudi kwetu ndani ya gari.

Kuna jambo lingine ambalo mnunuzi anayejua ataliangalia kabla ya kitu chochote. Kwenye magari ya hali ya juu, vinia za dashibodi zilikatwa zikifuatana kutoka kwenye gogo moja, halafu zikafunguliwa kama kurasa za kitabu, ili urembo wa kushoto ufanane na wa kulia kama mtu na kioo chake. Ndiyo sababu nasema seti ni moja. Ukibadilisha kipande kimoja kwa kipande cha gari lingine, hata kama kimeng'aa namna gani, jicho litakigundua.

Na kuna mtego. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na kuendelea yana "mbao" ambayo ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Ukiipiga msasa, picha inaondoka na haurudishi tena. Utajuaje? Geuza kipande uangalie nyuma na kwenye kingo. Vinia inaonyesha tabaka. Plastiki ni moja tu, tena mara nyingi ina namba zilizochongwa na kiwanda kwa nyuma. Angalia pia kama urembo unajirudia: mti haurudii alama ileile mara mbili, picha inarudia.

2. KWA NINI ZINAHARIBIKA

Adui wa kwanza ni jua. Gari likiegeshwa juani, dashibodi inapokea joto kali kupitia kioo, siku baada ya siku. Mionzi inafubaza rangi ya mbao na kuikausha laka iliyo juu.

Adui wa pili ni unyevu. Mbao inavimba ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka. Laka iliyozeeka haivutiki tena, kwa hiyo mbao ikitembea kidogo, laka inapasuka. Ndo unaona mistari myembamba kama ya sahani ya udongo ya bibi. Maji yakipita kwenye zile nyufa, vinia inaanza kuwa nyeupe au nyeusi, kisha inanyanyuka.

Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwa nini kupaka vanishi mpya juu ya nyufa ni kujidanganya. Itang'aa kwa muda mfupi, halafu nyufa zilezile zitatokea juu, na mteja atakutafuta.

3. PANGA KAZI KWENYE MAFUNGU MATATU KABLA HUJATAJA BEI

Mteja akikutumia picha inboksi na kuuliza "bosi, hii bei gani?", usijibu namba. Omba picha tatu: ya mbele kwenye mwanga wa mchana, ya kingo kwa karibu, na ya nyuma. Halafu pima ipo fungu gani.

Fungu la kwanza ni laka nzima lakini imefubaa. Hii inahitaji kusafishwa na kupigwa polishi tu. Usiivue. Laka ya asili ikiwa hai, thamani yake kwa wapenzi wa magari ni kubwa kuliko laka mpya yoyote utakayopiga.

Fungu la pili ni laka iliyopasuka lakini vinia ni nzima. Hapa unavua laka ya zamani na kupiga mpya. Kazi nyingi zipo fungu hili.

Fungu la tatu ni vinia iliyonyanyuka, iliyoliwa au yenye pengo. Hapa kuna kubandika, kutia viraka, au kuweka vinia mpya seti nzima. Kama huna fundi mwenye mkono mtulivu, kazi hii ikatae. Mteja uliyemwambia "hii siiwezi, ila zile mbili naziweza" atarudi. Yule uliyemharibia hatarudi, na atawaambia wenzake kwenye magrupu yao, maana wapenzi wa magari ya zamani wanajuana wote.

4. KUTOA KWENYE GARI

Kama unatoa mwenyewe, chomoa waya wa betri kwanza. Piga picha kila hatua. Kila skrubu iingie kwenye mfuko mdogo wenye jina la ilikotoka. Nyuma ya kila kipande bandika tepu ya karatasi uandike: mlango wa mbele kulia, mlango wa nyuma kushoto, na kuendelea. Vipande vya milango vinafanana sana mezani na vinakataa kabisa ukivikosea pahali.

Kipande kikigoma, usikivute. Kuna skrubu hujaiona, au klipu imejificha. Vinia nyingi hazikuharibiwa na jua, zilivunjwa na bisibisi siku ya kutolewa.

Na magari ya miaka ya 1980 mwishoni na 1990 yanaweza kuwa na eabegi. Kifuniko chochote kinachokaa juu ya eabegi usikiguse, usikipake chochote. Mwambie mteja wazi kwamba hapo hufanyi kazi.

5. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tunaongelea fungu la pili, lile lenye kazi nyingi.

Tambua laka. Tafuta mahali palipojificha, weka tone la thina ya laka. Ikilainika na kunata, hiyo ni laka ya selulosi, ya kawaida kwenye magari ya Kiingereza ya zamani. Isipotikisika, huenda ni poliesta, ngumu kama kioo, iliyotumika sana baadaye. Majibu haya mawili yanabadilisha kazi yako yote.

Vua laka. Selulosi inatoka kwa dawa ya kutolea rangi au thina, kidogo kidogo, ukikwangua kwa kipande cha plastiki, siyo chuma. Poliesta inahitaji hewa ya moto kutoka kwenye kifaa cha fundi na kikwanguo kilicholala. Hapa uwe makini: joto linalolainisha laka linalainisha pia gundi iliyoshika vinia. Pasha eneo dogo, toa, acha ipoe, ndo uendelee. Ukiona vinia inapumua, simama papo hapo.

Tengeneza vilivyonyanyuka. Gundi ya mbao iingizwe chini kwa sindano, weka karatasi ya plastiki juu, bana na ubao, acha mpaka kesho yake. Pengo dogo litie kiraka cha vinia ya aina ileile. Kiraka kisiwe mraba. Kikate kufuata mstari wa mbao, kwa sababu jicho la mtu linaona haraka mstari ulionyooka kuliko uliopinda.

Piga msasa. Mkono tu, na kipande cha mpira au ubao bapa chini ya msasa. Mashine iache kabatini. Anza na namba 240 kama kuna ulazima, kisha 320, kisha 400. Fuata mstari wa mbao. Kingo ndizo zinaisha kwanza, kwa hiyo ziguse mwisho na uziguse kidogo. Rangi ikianza kubadilika ghafla mahali fulani, hapo vinia inaisha. Acha.

Tazama rangi kabla ya kuitia. Futa mbao kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Kwa dakika chache itaonekana karibu na itakavyokuwa ikishapigwa laka. Linganisha vipande vyote vya seti pamoja. Kimoja kikiwa kimepauka kuliko wenzake, ndicho unachokitia rangi ya mbao, kidogo kidogo, baada ya kujaribu sehemu iliyofichika. Kutia rangi seti nzima ili kuficha kipande kimoja ni kuua urembo wa mti.

Piga laka. Tabaka nyembamba nyingi zinashinda tabaka nene moja. Piga, acha ikauke, sawazisha kwa msasa laini, piga tena, mpaka vishimo vya mbao vijae na uso uwe kama kioo. Hapa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar tuna shida yetu. Laka ya selulosi ikipigwa siku yenye unyevu mwingi hewani inashika ukungu mweupe. Subiri siku kavu, usipige alfajiri wala mvua ikikaribia, na muuzaji wa rangi mwambie akupe thina inayokauka taratibu.

Acha ikomae. Laka ikikauka kwa kushikwa haimaanishi imekomaa ndani. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ongeza subira. Kwa selulosi, wiki kadhaa siyo anasa.

Maliza. Msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, ukitia tone la sabuni kwenye maji, halafu kompaundi ya magari na kitambaa laini. Kingo zikumbuke tena. Ukitoboa laka kwenye kingo, unarudi mwanzo.

6. AFYA YAKO NAYO NI MTAJI

Sehemu hii usiirukie.

Laka zile za kuchanganya makopo mawili ni ngumu na nzuri, lakini nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukizivuta wakati wa kupulizia, zinaweza kukuletea pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Mafundi wa nje wanavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, peleka kipande kwa mpaka rangi mwenye chumba maalumu na vifaa, au tumia laka nyingine.

Dawa za kutolea rangi zenye dikloromethani ni hatari kwenye chumba kilichofungwa. Watu wamekufa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuziuza madukani kwa watu wa kawaida. Soma kopo kabla hujanunua, na kazi hiyo ifanyie nje.

Kitambaa chenye mafuta ya kukausha kama ya linsidi usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Kinaweza kujipasha chenyewe mpaka kiwake moto. Kitandaze nje kikauke. Na vumbi la msasa lisiwafikie watoto, hasa sisi tunaofanyia kazi uani.

7. TANGAZO LINALOUZA NI LINALOSEMA UKWELI

Sasa tuje kwenye upande wetu wa kuuza.

Mnunuzi wa bidhaa hii anaweza kuwa Nairobi, Muscat au London. Hajakishika kipande. Anakiona kwa macho yako. Kila ulichokificha atakigundua siku atakapofungua boksi, na siku hiyo ndo mzigo unarudi kwa gharama yako.

Tangazo likae hivi, kwa mfano:

"Vibao vinne vya juu ya milango, Jaguar Mk2. Vinia ya wolnati ya asili, haijabadilishwa. Laka ya zamani imevuliwa, imepigwa laka mpya ya selulosi. Kibao cha mlango wa nyuma kushoto kina kiraka cha vinia, urefu milimita 12, tazama picha ya 6. Rangi haijaongezwa. Skrubu hazimo."

Umeona? Maneno machache tu, lakini kila swali la mteja limejibiwa. Hakuna "original kabisa" wala "kama mpya". Neno "asili" tumia pale tu unapoweza kuonyesha ni nini ndicho cha asili: vinia, laka, au vyote viwili. Ukiwa umeweka vinia mpya, sema ni mpya. Vinia mpya iliyowekwa vizuri ina wateja wake. Vinia mpya inayoitwa ya zamani ina kesi.

Kama ni dashibodi, andika usukani ni wa kulia au wa kushoto. Magari yetu na ya Uingereza ni ya kulia, ya Ujerumani na Marekani ni ya kushoto, na kipande cha dashibodi ya kulia mara nyingi hakiingii kwenye gari la kushoto. Jambo dogo, lakini limerudisha mizigo mingi.

Picha. Piga kwenye kivuli chenye mwanga, siyo juani, maana jua linaonyesha mng'ao na kuficha urembo. Weka seti nzima pamoja kwenye picha moja ili mnunuzi aone zinafanana. Weka picha ya nyuma. Weka picha ya kabla na baada. Weka picha ya kasoro kwa karibu, pembeni kuna rula. Usitumie filta yoyote, kwa sababu rangi ndiyo anayonunua mtu huyu.

Kuna mnunuzi atakuuliza: "Kaka, kwa nini unanionyesha ubovu?" Mjibu: "Ili ukifungua boksi usishtuke." Basi, umeuza.

8. BEI: HESABU SAA ZAKO

Wengi wanapata hasara kwenye kazi hii kwa sababu wanahesabu kopo la laka na kusahau siku zao. Tuseme, kwa mfano tu, siyo bei ya soko:

Vifaa: shilingi 40,000.
Saa 14 za kazi kwa 5,000 kila saa: 70,000.
Kufungasha: 10,000.
Jumla: 120,000.

Ongeza akiba ya hatari, tuseme asilimia 20, yaani 24,000, kwa sababu siku moja laka itashika ukungu na utarudia. Sasa uko 144,000 na faida bado hujaiweka. Ukiuza 180,000, faida yako ni 36,000. Ukiuza 100,000 kwa sababu mteja amelalamika, umemlipa yeye ili akupe kazi.

Weka namba zako mwenyewe, lakini safu hizo zisipungue.

Na kipande cha mteja kikiwa mikononi mwako, andikianeni kabla hujaanza: kina kasoro zipi, utafanya nini, hutafanya nini, na ikitokea vinia imenyanyuka wakati wa kuvua laka, gharama inakuwaje. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha unatosha kuanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe siyo yako.

9. KUFUNGASHA NA KUTUMA

Hili limewaliza wengi: ile plastiki yenye mapovu ya hewa ikigusa laka ambayo haijakomaa, inaacha alama za miduara juu ya kazi yako yote. Unatuma kioo, mteja anapokea ngozi ya mamba. Kwa hiyo anza na kitambaa laini cha pamba au karatasi nyembamba isiyo na wino. Gazeti usitumie. Kisha ndo ufuate na plastiki ya mapovu, na kila kipande peke yake.

Vipande virefu na vyembamba vifunge kwenye ubao mwepesi ili visipinde. Boksi likitikiswa lisitoe sauti. Andika nje kwamba kisiachwe juani, ingawa usitegemee sana kama kutasomwa. Ndo maana ndani umefungasha vizuri.

Ukituma nje ya nchi, jua jina la mbao. Miti yote ya jamii ya Dalbergia, pamoja na mpingo wetu, imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Jamii nzima iliingizwa mwaka 2017, na ile ya Brazili inayoitwa Dalbergia nigra inabanwa zaidi tangu 1992. Kwa hiyo mteja wa Ulaya akikuomba umtengenezee dashibodi kwa vinia ya mpingo, usikurupuke na oda. Ulizia ofisi ya misitu kwanza vibali vinavyohitajika kwa uzito na aina ya mzigo wako. Mzigo ukikamatwa forodhani, mteja anadai hela yake kwako.

10. WATEJA WAKO WAPO WAPI

Usianze kwa kutafuta Rolls-Royce. Anza na kilichopo. Mercedes W123, iliyoanza kuuzwa 1976, ilitengenezwa karibu milioni 2.7, na bado unaziona barabarani Afrika Mashariki. Wenye nazo wanazipenda kama ng'ombe wa mahari. Wengine wana gari limesimama kwenye vigingi miaka mingi wakisubiri mtu wa kuwaambia "inawezekana".

Kwa ngazi ya juu, jirani zetu Nairobi wana Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa yaliyoanza mwaka 1970 na kufanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wanakagua gari nje na ndani. Mwenye gari anayejiandaa kwa siku kama hiyo anahitaji mbao zake miezi kadhaa kabla, kwa hiyo tangazo lako liwahi. Ukianza kupost wiki ya mashindano umechelewa, maana laka haikomai kwa wiki moja.

Kabla hujachukua kazi ya mtu, nunua kipande kibovu gerejini, kile wanachotaka kukitupa. Kifanyie hatua zote. Kipige picha kila hatua. Hicho ndicho kitakuwa tangazo lako la kwanza, na darasa lako la bei rahisi.

TUMALIZIE

Kwenye biashara nyingi ukikosea unatoa mzigo mwingine stoo. Hii haina stoo. Kila kipande kilitengenezwa kwa ajili ya gari moja, kutoka kwenye mti mmoja, na kimeshasafiri miaka 40 au 50 kufika mezani kwako. Milimita 0.6 ndiyo nafasi yako yote. Ndiyo maana fundi mwenye subira na muuzaji msema kweli wanalipwa vizuri hapa kuliko mwenye maneno mengi.

Una kipande nyumbani na hujui kipo fungu gani kati ya yale matatu? Weka picha hapo chini kwenye komenti, ya mbele, ya kingo na ya nyuma, tukisaidiane kukitambua. Na kama kuna fundi seremala unayemfahamu anayelalamika kazi hakuna, mtumie posti hii.